Faragha si Siri: Tahakiki ya Baadhi ya Istilahi za Simu, Mtandao na Umeme

Istilahi nyingi zinazojadiliwa katika kurasa hizi huwahusu wataalamu: mhandisi, daktari, mwanasheria. Mhandisi akipewa istilahi isiyofaa ataulizia, au ataendelea kutumia ile ya kigeni, na daraja litajengwa. Lakini liko kundi jingine la istilahi ambazo mwananchi hukutana nazo akiwa peke yake, simu i mkononi, na hutakiwa kuzijibu papo hapo kwa kugusa kitufe. Jibu lake hilo laweza kumfunga kama mkataba. Kundi hili halijapata uhakiki wa kutosha, na ndilo tunalokusudia kuliangalia hapa.

Tuanze na neno lenyewe ambalo ni msingi wa mambo yote haya. Katika tafsiri zinazotufikia, wafasiri wengine huandika "faragha", wengine "siri", na wengine "usiri", kana kwamba maneno hayo ni mamoja. Si mamoja. Mtu aingiapo bafuni hufunga mlango. Kila aliye nyumbani anajua anachokifanya mle. Hakuna siri yoyote. Hata hivyo anayo haki ya kuufunga mlango, na anayechungulia ndiye mwenye kosa. Hiyo ndiyo faragha. Siri ni jambo lenyewe lililofichwa. Usiri ni wajibu wa yule aliyeaminiwa jambo hilo, kama vile mganga au karani wa benki. Mfasiri anayeandika kwamba mwananchi ana "haki ya siri" anamtia mwananchi huyo katika hali ya kushukiwa, maana atatokea mtu wa kumwambia kwamba asiye na hatia hana cha kuficha. Neno faragha halitoi mwanya huo.

Wala si neno geni katika sheria. Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, iliyoingizwa pamoja na haki nyinginezo za raia mwaka 1984, inataja faragha katika kichwa chake, kisha inaieleza kwa mambo ambayo kila mtu anayafahamu: nafsi, familia, unyumba, maskani na mawasiliano. Mfasiri wa leo hana haja ya kutunga neno jipya. Ana haja ya kulitumia la zamani kwa uthabiti.

Sasa tuitazame Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Hapa tuna maoni mawili. La kwanza ni dogo. Neno "binafsi" limezoeleka pia kwa maana ya kile kisicho cha serikali, kama katika "shule binafsi" na "sekta binafsi". Kwa hiyo si ajabu kumsikia mtumishi wa umma akidhani kwamba taarifa zilizomo katika jalada la ofisi yake haziguswi na sheria hiyo, eti kwa kuwa ni za serikali. "Taarifa za mtu" lingekuwa wazi zaidi. Lakini istilahi ikishaingia katika jina la sheria, kuing'oa huleta hasara kuliko faida. Inayofaa ni kuifafanua kila mara, katika mafunzo na katika fomu zetu.

La pili ni zito zaidi. Yule ambaye sheria inamtwika mzigo mkubwa wa wajibu ni mtu au taasisi inayoamua taarifa zikusanywe kwa madhumuni gani na kwa njia gani. Katika matangazo ya Kiswahili yanayohusu sheria hiyo mtu huyu huitwa "mkusanyaji", naye anayezifanyia kazi kwa niaba yake huitwa "mchakataji". Neno mchakataji halina taabu. Lakini mkusanyaji, kwa umbo lake, ni yule anayekusanya. Chukua hospitali iliyoajiri kampuni, na kampuni ikamtuma kijana mwenye karatasi kupita nyumba kwa nyumba. Ukimwuliza mwananchi mkusanyaji ni nani, atakuonyesha yule kijana. Kumbe mwenye kuwajibika ni hospitali, ambayo pengine haijamtembelea mtu hata mmoja. Istilahi iliyotakiwa ilikuwa ya kutaja uamuzi, si tendo. "Msimamizi wa taarifa" ingesogea karibu zaidi, ingawa nayo ina upungufu wake, na tunaileta mbele ya wasomaji ili ijadiliwe.

Tukitoka katika sheria tukaingia katika simu yenyewe, tunakuta kosa ambalo kwa maoni yetu ndilo lenye madhara makubwa kuliko yote. Katika simu nyingi zinazoonyesha maneno kwa Kiswahili, orodha ya majina na namba za watu ambao mwenye simu huwasiliana nao huitwa "anwani". Programu mpya ikitaka kuisoma orodha hiyo, mwenye simu huulizwa kama anairuhusu ifikie anwani zake. Sasa, anwani kwa Mswahili yeyote ni mahali pa kumpata mtu: sanduku la posta, mtaa, namba ya nyumba. Mama lishe anayetafuta mkopo mdogo wa kununulia mchele na mafuta atafikiri anaulizwa anakoishi. Ataona ni haki, kwani mkopeshaji gani asiyetaka kujua anakoishi mkopaji? Atagusa "Ruhusu". Alichotoa si mahali anapoishi, bali majina na namba za mama mkwe wake, shehe au mchungaji wake, mwalimu wa mtoto wake na wateja wake wote. Siku atakapochelewa kulipa, hao ndio watakaopigiwa simu na kutumiwa ujumbe wa kumwaibisha.

Mambo haya si ya kubuni. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikitoa mikopo ya kidijitali bila leseni, na kuingilia faragha za wakopaji ni miongoni mwa malalamiko yaliyokuwa yamezagaa juu ya biashara hiyo. Kenya nayo ilikuwa imekwisha kutunga kanuni za wakopeshaji wa namna hiyo mwaka 2022. Hatusemi kwamba neno moja ndilo lililoleta balaa lote hilo. Tamaa ya mkopeshaji na shida ya mkopaji zilitosha. Tunachosema ni kwamba mlango ulikuwa na kibao, na kibao kilikuwa na maandishi yasiyo kweli. "Namba za watu wako" yangekuwa maneno manne ya kila siku, na mama lishe angesita.

Hapo ndipo linapokuja neno "ridhaa". Hili ni neno zuri, lenye uzito wa ndoa: ridhaa ya mtu haipatikani kwa hila wala kwa kutojua. Linatofautiana na "idhini", ambayo hutolewa na mwenye mamlaka, na "kukubali", ambako mtu aweza kukubali kwa kuchoka tu. Sheria zinazungumzia ridhaa, lakini vitufe vinasema "Nakubali". Na juu ya kitufe huwa kuna fungu la maneno linalojulikana na kila msikilizaji wa redio, lile linalosomwa mbiombio mwishoni mwa tangazo: "vigezo na masharti kuzingatiwa". Fungu hili lina makosa mawili. Vigezo ni vipimo vya kulinganishia, na hapa hakuna kinachopimwa. "Masharti" peke yake yalitosha. Tena kitenzi chake hakina mtendaji: nani azingatie? Hakuna ajuaye, na kwa hiyo limegeuka kuwa mzaha wa vijiweni. Lugha ya mkataba ikishakuwa mzaha, ridhaa imekwisha kufa.

Ili tusionekane wa kulaumu tu, yafaa tutaje istilahi zilizofaulu. Vile vijifaili ambavyo tovuti huviacha katika simu au kompyuta ya mgeni ili imtambue akirudi, vimepewa jina "vidakuzi". Wengi hulicheka. Sisi tunaliona lina bahati njema, maana linasikika kuwa la ukoo mmoja na mdaku na udaku. Kidakuzi ni kidude kinachokwenda kusema habari zako, na ndicho kinachofanyika mara nyingi. Udhaifu wake ni kwamba halifundishwi. Mwalimu akilieleza mara moja tu darasani, mwanafunzi hatalisahau.

Kadhalika "simu janja". Wako walioteta kwamba janja ni neno la mtaani, lenye harufu ya ulaghai, wakapendekeza "simu mahiri". Lakini mahiri ni sifa ya fundi anayekutumikia, na janja ni sifa ya yule anayekutumikia huku akiangalia maslahi yake. Kwa chombo kinachojua ulipo kutwa kucha, mtaa umeteua vizuri kuliko kamati.

Mjadala huu sasa unaingia katika umeme, kwani ziko mita zinazopeleka habari za matumizi kwa shirika la umeme zenyewe, bila msomaji wa mita kubisha hodi. Mita ya namna hiyo ikirekodi kwa vipindi vifupi, mtu anaweza kujua nyumba inaamka saa ngapi na lini haina watu. Mwaka 2009 baraza la juu la bunge la Uholanzi lilikataa mpango wa kuzilazimisha mita hizo kila nyumba, sababu kubwa ikiwa ni faragha. Kwetu sisi, wanaozitafsiri habari hizi wanavutana kati ya "mita janja" na "mita mahiri". Kwa sababu tulizokwisha kutoa, tunaunga mkono ya kwanza.

Msomaji aweza kuuliza: je, kila kasoro ya istilahi ipigiwe kelele? Hapana. Tazama LUKU, yaani Lipa Umeme Kadri Utumiavyo. Tukiipima maana, si sahihi, kwani mteja hulipa kabla ya kutumia. Hata hivyo limekuwa neno kamili. Watu hununua luku na luku huwaishia. Kosa lake halimdhuru mtu, kwa kuwa taa ikizimika usiku ule ule mteja anajua ukweli. Hiki ndicho kipimo tunachopendekeza kwa wafasiri na kwa kamati zetu: tutofautishe kosa linalojifichua na kosa linalojificha. La kwanza laweza kungoja toleo lijalo la kamusi. La pili, kama lile la anwani, mtumiaji hulitambua baada ya kudhurika, na halipaswi kungoja.

Tunajua wafasiri wengi wa simu na programu hupewa maneno yaliyokatwakatwa, bila kuonyeshwa yatakaa wapi. Hiyo ni sababu ya kuwahurumia, na ni sababu ya ofisi zetu kudai zionyeshwe kazi hizo kabla hazijawafikia wananchi. Kwa sasa tunawaomba walimu, wafasiri na watumishi wa serikali wafanye jaribio dogo: wamsomee mtu wa nyumbani kwao swali moja la ruhusa lililomo katika simu, kisha wamwulize ameombwa nini. Majibu yatakayopatikana tutayapokea kwa shukrani, hasa yale yatakayotuonyesha kwamba tumekosea.