Nani Aingie Bwawani

Kuchimba bwawa dogo uani ni kazi ya mwili. Watu wawili wenye majembe, turubai zito la plastiki, maji ya mvua au ya bomba, na shimo la mita tatu kwa nne limejaa. Kazi inayofuata haitoi jasho, na labda ndiyo maana wengi huiruka: wanakwenda kwa muuza vifaranga vya samaki, wanachukua waliowavutia macho, wanawamimina. Fundi hapo ndipo anapopunguza mwendo. Anajua kwamba kila kiumbe anayetiwa majini anaingia na mdomo wake, na tangu siku hiyo mambo ya bwawa yataamuliwa na midomo: nani anamla nani, akiwa na ukubwa gani, usiku au mchana.

Ujuzi huo haupati sifa unazostahili. Mvuvi ana nyimbo zake na mwindaji ana hadithi zake. Anayechuchumaa ukingoni mwa dimbwi la uani akipima nani aingie na nani abaki nje hana wa kumwimbia. Hata hivyo kazi yake inadai ayajue maji, awajue wanyama, na awe na ujasiri wa kukataa.

Huanza na maji, kabla ya samaki. Maji ya bomba huachwa wazi siku kadhaa ili klorini iondoke, maana klorini huunguza matamvua. Kisha hutazamwa joto. Sato, yule perege mwenye asili ya Mto Nile, hustawi katika nyuzi 25 hadi 30. Chini ya 20 hula kwa kusitasita na ukuaji wake hudorora. Kwa mkazi wa Tanga, Mombasa au Mwanza hilo si tatizo. Kwa mkazi wa Limuru au Njombe, ambako usiku wa Julai unauma, sato atabaki mdogo hata akilishwa vizuri. Hapo ndipo mtu humkumbuka trauti, aliyeletwa Kenya kutoka Scotland mwaka 1905 na akaizoea mito ya milimani. Trauti anapenda baridi, ni kweli, lakini anapenda pia maji yanayokimbia na yaliyojaa hewa. Katika bwawa lililotuama uani atatapatapa na kufa. Fundi wa nyanda za juu asiye na kijito humwacha trauti na mito yake, na kama anataka samaki wa kutazamwa tu, huchukua samaki wa dhahabu wachache, ambao Wachina wamekuwa wakiwafuga na kuwachagua kwa zaidi ya miaka 1000 na ambao baridi hawaiogopi.

Kambale ni habari nyingine kabisa. Juu ya matamvua yake kuna kiungo chenye vitawi kinachomwezesha kuvuta hewa ya nje, kwa hiyo maji yaliyochoka, ambayo yangemuua sato kwa usiku mmoja, yeye huyavumilia. Huja juu, akabwia hewa, akashuka tena. Uwezo huohuo ndio unaomfanya awe mkazi wa mashaka: usiku wa mvua kubwa anaweza kutoka bwawani akijikokota kwa mapezi ya kifuani hadi kwenye majani ya jirani. Na mdomo wake hauna mwiko. Vifaranga vya kambale vya umri mmoja vikipishana ukubwa, vikubwa huvimeza vidogo, ndiyo maana wafugaji huvitenga mara kwa mara. Katika bwawa dogo, kambale wawili watatu wana kazi yao maalumu, nayo inamhusu perege.

Tabu ya perege ni uzazi. Jike hutaga katika kishimo alichochimba dume, kisha huyachota mayai yote kinywani, na humo ndimo yanamoanguliwa. Muda huo wote hali karibu chochote. Ukimtazama kwa karibu utaona kidevu kimetuna na taya zinatafuna polepole ilhali hakuna chakula. Anayageuzageuza mayai yapate maji mapya. Watoto wakishatoka hukusanyika mbele ya uso wake, na kivuli cha mtu kikipita juu ya maji, wote hurudi mdomoni kwa mkupuo. Ni malezi ya kupendeza, lakini bwawa la mita za mraba 12 haliyawezi. Sato huanza kuzaa akiwa na miezi michache tu, hajatosha hata kukaangwa, na haupiti muda maji yanajaa samaki wa ukubwa wa kidole wanaogombea chakula kilekile, hakuna anayekua.

Dawa ya zamani, na bado ni nzuri, ni kutia madume peke yao, kwa kuwa ndio wanaokua haraka. Hapa ufundi unahamia kwenye vidole. Kifaranga kikifika gramu 30 hivi, mtu hulowanisha mkono akakishika, tumbo juu. Nyuma ya tundu la haja kubwa pana kichomozo kidogo. Cha dume kina tundu moja kwenye ncha. Cha jike kina tundu la mkojo na, juu ya hapo, mpasuko mwembamba uliolala kwa upana, njia ya mayai. Mpasuko huo ni mwembamba hivi kwamba jicho changa haliuoni, basi wenye uzoefu hupitisha pamba yenye tone la rangi ya buluu: rangi hutulia kwenye mstari na jike akajulikana. Mikono iliyozoea huifanya kazi hii upesi, samaki baada ya samaki, na hata hivyo jike mmoja mmoja huponyoka. Hapo ndipo kambale anapohitajika. Akitiwa baadaye, akiwa mdogo kuliko perege waliokwisha kukua, hatawaweza wakubwa, ila watoto wa majike walioponyoka atawafyeka.

Hamu ya kupata madume watupu imewasumbua wataalamu kwa miaka mingi. Mwaka 1960 Mwingereza C. F. Hickling alichapisha matokeo ya majaribio yaliyofanyika Malacca, huko Malaya: dume la perege lililotokana na samaki wa Zanzibar, likipandishwa na jike la perege wa Msumbiji aliyekuwa ameenea Java, watoto walitoka wote madume. Ndivyo samaki wa pwani ya Afrika Mashariki alivyoingia katika vitabu vya ufugaji vya dunia nzima. Na kwamba chanzo cha vifaranga ni jambo zito, Kenya ilijionea kuanzia mwaka 2009, serikali ilipopanga kuchimba mabwawa 200 katika kila moja ya majimbo 140 ya uchaguzi. Mabwawa yalichimbwa kwa kasi. Vifaranga bora havikuweza kuifuata kasi hiyo.

Wapo wanaochimba bwawa kwa ajili ya mandhari tu, na hofu yao ni mbu. Katika karne ya 20 jibu la dunia lilikuwa gambusia, samaki mdogo wa Marekani aliyesambazwa mabara yote isipokuwa Antaktika ili ale viluwiluwi vya mbu. Alivila. Akala pia mayai ya samaki wengine na viluwiluwi vya vyura, akang'ata mapezi ya wenyeji wake, na Australia inamhesabu leo kuwa balaa. Afrika Mashariki haikuwa na haja naye, kwa maana perege wadogo hufanya kazi hiyohiyo. Kaskazini mwa Somalia, katika miaka ya 1980, perege wa kienyeji alitiwa kwenye birika za kuhifadhia maji kupambana na malaria, na viluwiluwi vikapungua sana. Fundi mzuri humtafuta kwanza aliyeko karibu.

Wakazi wengine hawanunuliwi. Chura atakuja mwenyewe, mradi ukingo mmoja wa bwawa uwe na kina kifupi, mawe na majani ambamo samaki hawafiki. Kereng'ende atakuja pia. Mtoto wake huishi chini ya maji, ana rangi ya tope, na taya yake ya chini imekunjwa chini ya uso. Windo likisogea, taya huchomoka ghafla na kulinasa. Huvila viluwiluwi vya mbu kwa wingi, na akikuta vifaranga vya samaki vya siku chache havibagui, hivyo rafiki wa bustani huwa adui wa mzalishaji vifaranga. Mmoja wa kereng'ende wanaotaga katika madimbwi ya mvua ni yule wa manjano anayevuka Bahari ya Hindi kutoka India hadi Afrika Mashariki kwa kufuata upepo, safari aliyoieleza Charles Anderson mwaka 2009 baada ya miaka ya kuwatazama wakipita Maldives. Mgeni kama huyo akishuka katika dimbwi la uani, aliyelichimba ana haki ya kujivunia.

Konokono wanahitaji jicho kali zaidi. Wale wadogo wa aina za Biomphalaria na Bulinus hubeba vimelea vya kichocho, na mara nyingi huingia bila kualikwa, mayai yao yakiwa yamenata chini ya jani la yungiyungi lililong'olewa kwenye lambo. Vimelea havitaanza mzunguko wao bila mkojo au kinyesi cha mwenye ugonjwa kufika majini, lakini bwawa ambalo watoto huchezea halifai kuachiwa bahati. Kila mmea huoshwa na kukaguliwa jani kwa jani. Yuko anayeshauri kutia kamba mwekundu wa Marekani kwa sababu anakula konokono. Ni kweli anawala. Aliingizwa Ziwa Naivasha mwaka 1970, na wanasayansi wanamhusisha na kupungua kwa mimea ya majini ya ziwa lile. Tena hutembea nchi kavu.

Swali ambalo fundi huuliza kabla ya yote hayo kukamilika ni hili: mvua ikizidi, maji ya bwawa hufurika kuelekea wapi? Gugu maji lilizunguka dunia kama ua zuri la mabwawa ya bustani kabla ya kulifunika Ziwa Victoria kwa mablanketi yake. Sangara aliletwa ziwani humo katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na aina nyingi za furu zikatoweka. Sato naye ni mgeni huko. Ngege, perege mwenyeji, leo amesalia zaidi katika maziwa madogo ya pembeni. Tanzania, watafiti wamekuta sato aliyetoroka amechanganya damu na perege wa kienyeji katika mito kadhaa. Basi bwawa linalomwaga kwenye kijito hutiwa samaki wa kijito hichohicho, hata kama hakui kwa kasi ya sato. Huo ndio uamuzi mgumu kuliko yote, na ndio unaomtenganisha fundi na mnunuzi.

Siku ya kutia samaki, jioni jua likishapoa, mfuko wa vifaranga huachwa uelee bwawani nusu saa hadi maji ya ndani na ya nje yalingane joto. Halafu hufunguliwa, maji ya bwawa yakaingia kidogo kidogo, na vifaranga vikatoka vyenyewe. Perege wawili kwa kila mita ya mraba wanatosha mahali pasipo na mashine ya kutia hewa: 24 kwa bwawa letu la tatu kwa nne. Muuzaji atakuwa amekuja na 100.