Kisu cha Mkono wa Kushoto

Juzi nilimsindikiza mzee mmoja wa Machame hadi duka la pembejeo mjini Moshi kutafuta kisu cha kwato. Akauliza kama kipo cha mkono wa kushoto. Kijana wa duka alicheka: "Kisu ni kisu, babu." Mzee alikipima kile cha kulia kwa kidole, akakirudisha mezani taratibu, kama mtu anayerudisha mtoto wa watu kwao.

Wala si mashoto. Ila ukwato wa ng'ombe una vidole viwili, na kisu chake kina ncha iliyojikunja. Mwenye kimoja tu huchonga upande mmoja na kuchokonoa wa pili.

Ng'ombe wa Mmasai ardhi ndiyo tupa yake. Wa kwetu Uchaggani anakula majani ya migomba bandani, hatoki. Kwato zake hukua kama nusu sentimita kwa mwezi bila kusuguliwa na chochote. Ndiyo maana, utotoni mwangu, mzee huyu alikuwa akipita na kamba, koleo, tupa na visu viwili vilivyoviringishwa kitambaani.

Kwanza alinoa. Alinoa mpaka sisi watoto tukachoka kungoja. Kisu butu, alisema, kinadai nguvu, na mkono unaotumia nguvu hauwezi kusimama ghafla. Kisha mguu wa nyuma ulivutwa juu kwa kamba, tope likaoshwa, naye akaanza na kidole cha ndani. Hicho ndicho mkweli, alituambia. Cha nje hubeba uzito mwingi, kikavimba kwa kiburi. Alipima ncha kwa vidole vyake vinne, akaikata kwa koleo, ndipo kisu kikaanza kushusha maganda membamba kama ya muhogo. Kila baada ya ganda moja au mawili alibonyeza unyayo kwa dole gumba. Ukianza kubonyea, kisu kinawekwa chini, hata kama jicho linataka zaidi. Mwisho alishusha kidole cha nje kilingane na mwenzake. Kisigino cha ndani hakukigusa.

Leo nasikia mashine ya umeme ikilia kwa jirani. Mkononi mwa anayeijua ni kazi safi na ya haraka. Mkononi mwa mwenye pupa huunguza ukwato na kupita mahali ambapo dole gumba lingesema basi. Wengine wanatumia panga na nyundo. Wengi zaidi hawafanyi lolote mpaka ng'ombe achechemee na maziwa yapungue, kisha wanalaumu chakula.

Tuliporudi nyumbani mzee alifungua kitambaa. Kisu cha kulia bado kina maisha. Cha kushoto, kwa miaka ya jiwe la kunolea, kimebaki upana wa jani la mchaichai. Alikitazama, akakiviringisha tena.

Bandani ng'ombe alihamisha mguu, akauegemeza uzito wote upande mmoja.