Sifa za Fundi wa Kalibu

Pajulu, pembezoni mwa jiji la Arua, yuko mzee anayesubu sufuria kwa alumini chakavu. Wapita njia husimama kuutazama moto, pistoni kuukuu na vichwa vya injini vikilegea chunguni hadi kuwa uji unaong'aa. Mimi moto haunishangazi. Alumini huyeyuka kwa nyuzi 660 za Selsiasi, na mwenye makaa na feni atalifikia joto hilo. Ninachokienzi ni kiolezo cha kupigia kalibu ya mchanga, kilichotundikwa ukutani nyuma yake, ambacho hakiuzi wala hakiazimi.

Alumini ikipoa hunywea, takriban milimita 13 kwa kila mita. Sufuria yenye upana wa sentimita 40 hupoteza nusu sentimita kabla haijatoka mchangani. Fundi mvivu hununua sufuria sokoni, huididimiza kwenye mchanga wenye unyevu, akapata nakala. Kesho huinakili nakala. Ikifika ya tatu, upana umepungua sentimita moja na nusu, nayo bado inauzwa kwa jina lile lile na bei ile ile. Mnunuzi hashtuki mpaka siku anapochukua kifuniko cha mama yake akakiona kinacheza.

Mzee wa Pajulu alikikata kiolezo chake kikubwa kuliko sufuria aliyoikusudia, akijua alumini itanywea hadi kipimo chake. Kuta zake alizilaza kidogo kuelekea nje, ili kiolezo kichomoke bila kubomoa mchanga. Masikio ndiyo yaliyomchosha. Anayesonga enyasa, ugali wa muhogo, kwa watu wengi anajua sufuria inavyopigana na mwiko; sikio lisiloshiba shinani hukatika pale pale linapoungana na ukuta. Basi shina alilinenepesha, na kona ya ndani akaipiga tupa mpaka ikawa mviringo, kwa sababu ufa hupenda kuanzia kwenye kona kali. Nilipomuuliza nani alimfundisha, alinionyesha sufuria iliyovunjika.

Mhandisi anayebuni vipuri vya plastiki kwenye kompyuta, awe Shenzhen au Stuttgart, hujiuliza mambo hayo hayo: kitanywea kiasi gani, kitatokaje kwenye kalibu, kitavunjikia wapi. Ana hesabu bora na chuma kigumu, na kalibu yake moja yaweza kugharimu maelfu ya dola, kwa hiyo kosa lake ni ghali. Lakini huyo hupokea agizo lingine pia: punguza gramu. Matokeo tunayakalia na kuyabeba. Kiti ambacho mguu wake hufunguka kama mdomo wa mamba. Mfuniko wa jerikeni ambao hesi zake huliwa kabla jerikeni yenyewe haijachafuka. Aliyevibuni hakukosa elimu. Aliambiwa hatarudi kuonana na mnunuzi. Mzee hukutana na wake kila siku ya soko.

West Nile, kanda ya Arua, haikuwa nchi ya kungoja vitu vya watu. Waokebo waliyeyusha chuma na kufua majembe ya Waaluri na Walugbara muda mrefu kabla ya mkoloni. Majembe ya viwandani yalipokuja, matanuri yakapoa. Kisha vita vya 1979 na miaka iliyofuata vikawatawanya watu hadi Kongo na Sudan, na ufundi mwingi haukurudi na wenyewe. Mwaka 2024 umeme wa gridi ya taifa ulifika Arua, baada ya miaka mingi ya kukitegemea kituo cha umeme wa maji cha Nyagak na jenereta. Nilidhani nitaona karakana za kuchonga kalibu. Ninachokiona zaidi ni friji za soda na spika.

Vijana wawili walijifunza kwa mzee, wakaondoka. Mmoja anasubu kwa kunakili nakala, na huitia chunguni skrepa yoyote, hata ile yenye madini ya risasi, ambayo baadaye huhamia kwenye chakula, hasa kikiwa kichachu. Mzee huigonga kila skrepa, huikwangua, na asiyoijua huitupa. Kwa hiyo sufuria yake ni ghali zaidi, na wengi humpita. Siwalaumu wenye kipato kidogo. Nawalaumu wenye pesa, wanaojenga ghorofa mjini na kumsimamia fundi wa matofali kwa ukali, lakini sufuria ya kupikia watoto wao huinunua bila hata kuigeuza chini.

Wanunuzi wa chuma chakavu sasa wanapita nyumba kwa nyumba na mizani. Mwenye sufuria nzito ya zamani, ya bibi au ya harusi, asiipime kilo kabla hajaipeleka kwa fundi aichukue vipimo. Umbo hilo likishayeyushwa, hakuna duka la Arua linaloliuza.