Amana ya Roho za Watu

Mwaka 1997 mwandishi wa Kimarekani Jon Krakauer alitoa kitabu kiitwacho Into Thin Air. Anasimulia msiba wa mlima Everest, mpakani mwa Nepal na Tibet, ambako Mei 1996 watu wanane walikufa katika dhoruba moja. Naye alikuwamo miongoni mwa wapandaji, ametumwa na gazeti.

Sifa kubwa ya kitabu ni uaminifu wa shahidi. Hapo awali aliandika gazetini kuwa alimwona kiongozi mmoja, Andy Harris, karibu na kambi. Baadaye alitambua kuwa aliyemwona ni mtu mwengine, na kosa hilo amelikiri mbele ya wasomaji wote. Shahidi wa namna hii hustahili kusikilizwa.

Ama penye mjadala ni habari ya Rob Hall wa New Zealand, mkuu wa msafara. Wateja walilipa hadi dola 65,000 kila mmoja. Kabla ya kupanda, Hall alisisitiza kuwa saa ya kurudi lazima ishikwe: saa saba, au mwisho saa nane mchana, hata kilele kikiwa karibu. Lakini mteja mmoja, ambaye Hall alimrudisha njiani mwaka 1995, safari hii alifika kileleni yapata saa kumi, na Hall akamngoja. Mteja akaishiwa na nguvu, Hall akakataa kumwacha, wakafa wote wawili. Nyumbani mkewe Hall alikuwa mja mzito.

Krakauer anatutaka tusifanye haraka kuhukumu, kwani kule juu hewa ni kama thuluthi ya ile ya pwani, na akili hupungua. Hapa sikubaliani naye kikamilifu. Sharia humsamehe aliyepotewa na akili bila ya kutaka. Lakini Hall alijua tangu chini kuwa akili itapungua, na ndiyo sababu ya kuweka saa. Kutomwacha mwenzake ni jambo la kusifiwa. Lakini amana ilikwisha kuvunjwa tangu saa nane, kabla ya dhoruba.

Apokeaye ujira wa kuongoza watu ni mchunga, naye ataulizwa. Basi wanaobeba roho za watu, baharini na barabarani, na wakisome kitabu hiki. Abiria atanung'unika akirudishwa. Na anung'unike, maadamu atafika kwao salama.

Wallahu aalam.