Kidole cha Mkulima Kwenye Kioo

Msimu wa kahawa, Karagwe na Kyerwa, vidole huchakaa. Mpini wa jembe umesugua ncha, kuchuma kahawa kumezikwaruza, na utomvu wa ndizi umeacha weusi usiosikia sabuni. Mwenye mkono huo akifika kwa wakala wa Kayanga au Omurushaka kusajili laini, mashine inamkana. Na tangu Mei 2019 laini husajiliwa kwa namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) na alama za vidole. Kidole kisiposoma, simu haina kazi, na fedha za simu hazipo. Kwa wakazi wa Murongo, ambako Uganda iko ng'ambo tu ya mto Kagera, kukanwa na mashine kunauma zaidi, kana kwamba mtu si wa upande huu.

Wakala mjuzi hana papara. Kwanza hufuta kioo, maana mafuta ya mteja aliyetangulia hubaki na kuchafua mchoro wa anayefuata. Kisha hutazama ngozi. Ikiwa kavu, matuta yake hayashiki kioo na mistari hutoka vipandevipande. Basi, "Mzee, pitisha kidole kwenye paji la uso," na mafuta kidogo ya hapo yanatosha. Ikiwa na jasho, mistari huungana ikawa doa. Huyo hupewa kitambaa. Halafu mkandamizo. Wengi wetu tukiambiwa tubonyeze, tunabonyeza kama tunaua kunguni! Yeye hukilaza kidole bapa, taratibu, kitovu cha mchoro kikae katikati, kwa sababu mashine hutafuta mahali mistari inapokomea na inapogawanyika. Ncha tupu haiipi kitu.

Programu nazo huunganisha mistari iliyokatika, ila zikizidisha zinabuni isiyokuwapo. Ukilegeza kiwango cha kufanana, mkulima anapita na tapeli anapita. Ukikikaza, wote wawili wanabaki nje. Ndiyo maana namstahi zaidi aliyeshika kitambaa, na aliyeandikisha watu mwanzoni bila haraka: alama za vidole vyote zikichukuliwa vizuri siku ile, gumba likigoma leo, cha pete huenda kikamtoa mtu.

Vikigoma vyote, mteja huambiwa arudi kahawa ikishaanikwa. Hafukuzwi. Asili ya matuta iko chini ya ngozi ya juu, na mikono ikipumzika majuma machache mchoro uleule huota tena, isipokuwa pale panga lilipozama hadi chini.