Samadi Kwanza, Yurea Baadaye: Hesabu ya Mpunga wa Bogoro

Mjadala wa samadi na mbolea ya dukani huendeshwa kana kwamba mkulima ni lazima achague upande. Huyu anasema mbolea ya viwandani inaua udongo, yule anasema kinyesi cha ng'ombe ni kilimo cha kimaskini. Ukitazama jinsi mpunga unavyokula, utaona vitu hivi viwili havifanyi kazi moja, wala havifanyi kwa wakati mmoja. Kwa mkulima wa Bogoro, yapata kilomita 25 kutoka Bunia kwenye barabara inayoteremka Kasenyi, faida imo katika kuvipanga kwa zamu.

Tupige hesabu. Kila tani ya mpunga hubeba, katika punje na majani yake, kilo 15 hadi 20 za nitrojeni. Anayetaka tani 4 kwa hekta anahitaji kilo 60 hadi 80. Sehemu yake hutoka kwenye udongo wenyewe. Tuseme yeye aongeze 60. Tani 5 za samadi kavu, yenye nitrojeni asilimia 1, zina kilo 50, lakini msimu wa kwanza vijidudu hufungua kama theluthi tu, yaani kilo 15 hivi. Mifuko miwili ya yurea ya kilo 50, yenye nitrojeni asilimia 46, inaongeza kilo 46. Jumla 61. Kwa samadi peke yake angelazimika kusomba tani 20. Kwa yurea peke yake angenunua mifuko miwili na nusu na ushee, na ndani yake asipate hata chembe ya fosforasi wala potasiamu.

Hesabu hiyo ni nusu tu ya habari. Katika udongo mwekundu wenye tindikali, oksidi za chuma na alumini huinasa fosforasi na kuing'ang'ania. Asidi zitokazo kwenye samadi inayooza hugombea nafasi zilezile, na fosforasi hubaki huru kwa mizizi. Bondeni maji yanaposimama, mabadiliko ya chuma huachilia fosforasi zaidi. Mpunga wa mlimani, unaotegemea mvua, haupati msaada huo wa maji, kwa hiyo ndio wenye haja kubwa zaidi ya samadi. Yapo hata mashamba yaliyochoka yasiyoitikia mbolea ya dukani mpaka yalishwe mboji kwanza.

Ushahidi wa miaka mingi uko Kabete, karibu na Nairobi, ambako jaribio la mahindi na maharage lilianza mwaka 1976. Kuna vipande visivyopewa chochote, vya mbolea pekee, vya samadi pekee na vya vyote viwili. Vya mbolea pekee vilianza vizuri, kisha mavuno yakashuka kadiri miaka ilivyosonga, na vya mchanganyiko vikabaki mbele. Mahindi si mpunga, lakini somo la udongo ni lilelile.

Utaratibu wenyewe ndipo wengi wanapopotelea. Samadi iwe imeoza, na ifukiwe wiki mbili au tatu kabla ya kupandikiza. Ikiingia mbichi kwenye jaruba lenye maji, hutoa gesi na asidi zinazochoma mizizi michanga. Majani ya mpunga yaliyokauka nayo yana kaboni nyingi mno. Vijidudu vikianza kuyala hunyang'anya nitrojeni ya mmea, na miche hugeuka manjano. Hata hivyo yasichomwe, kwa maana potasiamu nyingi ya mmea imo humo. Yalundikwe pamoja na kinyesi mpaka yaoze.

Mbolea yenye fosforasi iwekwe wakati wa kupanda. Yurea igawanywe mara mbili: nusu mpunga unapotoa machipukizi ya pembeni, baada ya palizi, maana ukitangulia kuweka mbolea umeyalisha magugu, na nusu suke linapoanza kuumbika. Wakati huo unajulikana kwa kupasua shina kuu kwa wembe: juu ya pingili utaona kincha cheupe chenye manyoya, urefu wa milimita moja au mbili. Usimwage yurea kwenye maji mengi. Juani mwani hupandisha pH ya maji, amonia ikapaa hewani, na pengine hata nusu ya pesa yako ikaenda nayo. Punguza maji mpaka yabaki kidogo sana, ichanganye na tope, kisha rudisha maji baada ya siku moja au mbili. Wakulima wa Bangladesh huzika vidonge vya yurea sentimita 7 hadi 10 chini, katikati ya mashina manne, na hutumia theluthi pungufu.

Lakini samadi inataka ng'ombe. Ng'ombe mzima wa kienyeji hutoa takribani tani moja ya kinyesi kikavu kwa mwaka, na nusu yake hubaki malishoni. Tani 5 basi ni kazi ya ng'ombe wasiopungua 10 wanaolala zizini. Kwa Bogoro hilo si jambo dogo: kijiji kilishambuliwa tarehe 24 Februari 2003, na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilipotoa amri ya fidia kwa waathirika 297 mwezi Machi 2017, mifugo na mavuno yalikuwa miongoni mwa hasara zilizothaminiwa. Mshauri wa kilimo anayetaja tani 5 bila kuuliza zizi lina nini anaongea na mtu mwingine. Asiye na ng'ombe anaweza kukata titonia, lile ua la manjano linaloota kando ya njia. Majani yake makavu yana nitrojeni ya takribani asilimia 3.5, na yakifukiwa mabichi huoza upesi.

Ningependa kila kikundi cha wakulima kitenge vipande vinne vilivyo sawa: kitupu, cha samadi, cha yurea, cha vyote viwili. Wapime punje kavu kwa mizani. Kutoka cha yurea watoe mavuno ya kile kitupu. Kutoka cha vyote viwili watoe ya kile cha samadi. Masalio hayo mawili yanaonyesha kiasi kilekile cha yurea kimeleta kilo ngapi bila samadi, na ngapi pamoja nayo. Yakilingana, samadi haijaisaidia yurea, na kitu cha kuchunguza msimu unaofuata ni fosforasi au maji.