Sifa ya Mshono wa Chuma

Katika ufalme wa Karagwe, ambao nchi yake ndiyo leo iliyogawanyika kuwa wilaya za Karagwe na Kyerwa mkoani Kagera, ufundi wa chuma ulikaa karibu na kiti cha enzi, kwani nyundo na fuawe zilihesabiwa kuwa alama za utawala, na miongoni mwa vifaa vya kifalme vya Bweranyange, makao ya mfalme, zilikuwamo sanamu za ng'ombe zilizofuliwa kwa chuma. Ni ajabu kidogo, basi, kwamba kijana anayechomelea mageti kando ya barabara pale Nkwenda, wilayani Kyerwa, bado hudhaniwa na baadhi ya jamaa zake kuwa anasubiri kazi ya maana.

Uchomeleaji, yaani kuunga vipande vya chuma kwa kuyeyusha kingo zake hadi zigande kuwa kitu kimoja, haupaswi kuchanganywa na kulehemu, ambako vipande vyenyewe haviyeyuki bali hushikanishwa kwa madini laini kama bati, ambalo huyeyuka kwenye nyuzi 232 tu za Selsiasi na ambalo huchimbwa huko huko Kyerwa. Mchomeleaji hutumia elektrodi, kijiti cha chuma kilichovikwa koti la madini, na anapokikwaruza juu ya chuma na kukiinua kidogo, umeme huruka pengo la milimita chache kwa joto linalopita nyuzi 5,000. Koti hilo huungua na kutoa moshi unaozuia hewa isiharibu chuma kilichoyeyuka, kisha masalia yake huganda juu ya mshono yakawa gamba, ambalo fundi hulibandua kwa nyundo ndogo ili aone alichokifanya. Nyuma ya kioo cheusi haonekani mtu wala geti, ila kidimbwi kinachong'aa kisichozidi ukucha, na fundi hukiongoza kwa jicho na kwa sikio pia, kwa kuwa mwendo sahihi hutoa mlio mkavu ulio sawa, kama mafuta yanayokaanga. Akiharakisha, mshono hukaa juu juu, na akikawia, bomba jembamba la dirisha hutoboka.

Ugumu wa riziki hauko mkononi. Grili, karia za baiskeli na matela hulisha familia, lakini mishono yake haipimwi na mtu, na mkaguzi wa kwanza wa grili mbovu huwa ni mwizi. Kwingineko mshono ndio unaolipwa: bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, ambazo 1,147 ziko Tanzania, huingia nchini kupitia mkoa huu huu wa Kagera, na maungio yake hukaguliwa kwa vyombo vinavyoona ndani ya chuma. Anayetaka kazi za namna hiyo huhitaji cheti, na hapa ndipo VETA, mamlaka ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, inapofaa hata kwa fundi aliyejifunzia gereji, kwa kuwa ina utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa.

Vipimo vya ufundi huu, popote vifanyikapo, havijali maneno. Mojawapo ni kukata kipande cha bamba lililoungwa na kukikunja mpaka kifanane na herufi U, mshono ukiwa upande wa nje unaovutwa. Ukitokea ufa mkubwa, fundi hutafuta bamba jingine na kuanza upya.